Sura ya Tano: Maji Mawili ya Sakafu

Barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Nakuru hupita Cheptiret kabla ya kufika Burnt Forest. Hapo ndipo abiria wa Chuo Kikuu cha Moi huiacha barabara kuu na kushika njia ya Kesses, iliko kampasi kuu. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1984 katikati ya mashamba, na kadiri wanafunzi walivyozidi vitanda vya chuo, ndivyo vipande vya shamba la mahindi vilivyogeuka kuwa ploti za hosteli na bedsita. Ujenzi huo una kalenda yake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti mara nyingi Agosti au Septemba, na mwenye ploti hataki wamkute hajamaliza. Kufikia Julai kuta zimesimama, mabati yamepigwa, fremu za milango zimeingia. Iliyobaki ni sakafu, na sakafu hugawiwa siku zilizobaki.

Siku zenyewe ni mbaya. Cheptiret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai na wa Agosti mvua hunyesha karibu kila alasiri, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Simiti iliyomwagwa katika baridi ya nyuzi 10 huchukua muda unaokaribia mara mbili kufikia nguvu ambayo ingeifikia upesi katika nyuzi 20. Wakati huohuo ardhi iliyo chini ya nyumba imelowa, na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo hata maji yaliyomaliza kazi yake hayapati pa kwendea. Anayemaliza sakafu Jumatatu na kuingiza vitanda Ijumaa anafanya kazi ya Januari katikati ya Agosti.

Karibu kila sakafu iliyoharibika niliyoiona kwenye nyumba za kupanga za Uasin Gishu, kaunti iliyo na Cheptiret, iliharibiwa na maji, lakini kwa njia mbili zinazopingana. Kuna maji ambayo sakafu inayahitaji, nayo hunyimwa. Kuna maji ambayo sakafu haiyataki, nayo huachiwa mlango wazi. Fundi anaweza kuwa na mkono mwepisi wa kulainisha mpaka sura ya mtu ionekane sakafuni, lakini akikosea maji haya mawili, ule ulaini hautamaliza mwaka.

Tuanze na yale yanayohitajika. Simiti haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji: chembe zake huyavuta maji, hujenga fuwele ndogo sana zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe na kushika mchanga na kokoto. Kazi hiyo huanza saa chache baada ya kukoroga na huendelea kwa wiki nyingi, mradi maji yapo. Maji yakiisha mapema, kazi husimama palepale ilipofika, na sehemu ya simiti uliyoinunua hubaki unga ndani ya sakafu, isiyofanya kazi yoyote. Ndiyo sababu sakafu iliyoachwa bila kumwagiliwa hutoa vumbi miezi sita baadaye kila inapofagiwa. Lile vumbi ni simiti ambayo haikuwahi kupata maji ya kuungana nayo.

Simiti ya Kenya inastahili subira zaidi, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Joseph Aspdin, fundi wa Leeds nchini Uingereza, alisajili hataza ya simiti aliyoiita ya Portland mwaka 1824. Baada ya Kenya kupata viwanda vyake, Athi River na Bamburi, katika miaka ya 1950, simiti ile ilipata mwenzi wa asili: majivu ya volkano, ambayo Bonde la Ufa limejaaliwa kwa wingi. Mifuko mingi inayouzwa kwenye hadwea za Eldoret leo ina majivu hayo, na imeandikwa CEM IV na namba 32.5. Namba hiyo ni nguvu ambayo simiti inatakiwa kuifikia ikiwa na siku 28, ikipimwa kwa megapaskali. Majivu ya volkano ni kitu kizuri. Warumi waliyatumia ya Pozzuoli kujenga bandari ambazo bado zimesimama baharini. Ila hayaanzi kazi siku ya kwanza. Yanasubiri simiti itoe chokaa, kisha yanaungana na chokaa hiyo taratibu, na katika muda wote huo yanahitaji maji. Mtu anayeacha kumwagilia baada ya siku mbili, kwa sababu sakafu inaonekana imeshika, amelipia mfuko mzima na kutumia sehemu yake tu.

Siku 7 za kumwagilia ndicho kiwango cha chini. Kwa simiti ya majivu, na kwa baridi ya Cheptiret, mimi ningesema 10 hadi 14. Si lazima mtu asimame na mpira wa maji kutwa. Magunia yaliyolowa, au karatasi ya nailoni iliyotandazwa na kukandamizwa pembeni kwa mawe, yatazuia maji yasitoroke. Miezi ya Desemba hadi Februari, upepo mkavu unapovuma juu ya tambarare, nailoni hiyo inatakiwa itandazwe jioni ileile, maana upepo ule hunyonya maji ya juu kabla simiti haijapata nguvu ya kuvumilia, na nyufa nyembamba zisizo na mpango hutokea kabla ya mapambazuko. Ni gharama ndogo kuliko zote katika jengo, maji na siku, lakini ndiyo inayonyimwa kwanza. Kibarua wa kumwagilia huonekana hana kazi anayofanya, basi huachishwa.

Maji ya pili hutoka chini. Kuyaelewa lazima tushuke hadi kwenye udongo. Tambarare ya Uasin Gishu imelala juu ya mkondo mpana wa lava iliyoganda mamilioni ya miaka iliyopita, jiwe gumu la kijivu ambalo wanajiolojia huliita fonolaiti. Juu yake kuna udongo mwekundu unaojengeka vizuri, na penye mabonde yasiyopitisha maji kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo huo mweusi hauna mapatano. Unachimbwa wote na kuondolewa, la sivyo hakuna sakafu itakayotulia juu yake, hata ikitiwa chuma kiasi gani.

Juu ya udongo mzuri huja hadkoo, mawe yaliyopangwa na kushindiliwa, kwa kawaida hadi unene wa milimita 300. Mbunifu wa Kirumi Vitruvius, aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliagiza sakafu ianze na mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi, kisha tabaka la kokoto na chokaa lililopigwa kwa nguvu, kisha tabaka laini zaidi, na urembo uje mwisho kabisa. Fundi wa Cheptiret anafuata mpango huohuo. Mawe yana kazi mbili: kubeba, na kuacha nafasi pana kati yao ili unyevu wa ardhini usipate njia nyembamba ya kupandia. Unyevu hupanda kwenye vitundu vidogo, na katika mwanya mpana hushindwa. Ndiyo maana kujaza hadkoo kwa udongo uliochimbwa msingini, jambo linalofanywa kila siku ili kuokoa lori moja la mawe, ni kuujengea unyevu ngazi.

Hadkoo husawazishwa kwa vumbi la kokoto, na juu ya vumbi hilo hutandazwa karatasi ya nailoni ya geji 1,000, yaani robo ya milimita. Vipande vyake hulaliana angalau sentimita 15 na kupanda ukutani hadi kukutana na ile ya msingi. Hii ndiyo ngome dhidi ya maji ya pili, na ndiyo kitu rahisi zaidi kutobolewa katika jengo zima. Toroli likipita juu yake, au wavu wa chuma wa slabu, mesh ya BRC, ukiburutwa, tundu limepatikana. Nimeona pia nyumba ambazo nailoni haikuwekwa kabisa, kwa kuwa ikishafunikwa hakuna atakayejua. Atajua mpangaji. Miezi michache baadaye ataona chumvi nyeupe ikichanua kwenye viungo vya sakafu, na pembe iliyo nyuma ya kitanda ikiwa nyeusi kwa ukungu.

Slabu ya zege inayomwagwa juu ya nailoni ikishakomaa, ndipo kazi ya kumalizia inapoanza. Kwanza ni skridi, tabaka la simiti na mchanga linalosawazisha na kutoa miinamo. Uwiano wake ni simiti moja kwa mchanga tatu hadi nne. Chumba cha mita 3 kwa 3, kwa unene wa milimita 40, kitakula karibu mifuko mitatu. Mchanga wenyewe ni jambo la kupimwa. Lori linaloleta mchanga kutoka Bonde la Kerio huweza kuleta na tope, na tope huzuia simiti kushika chembe. Tia mchanga nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, iache saa tatu. Mchanga utatua chini na tope litakaa juu yake kwa mstari unaoonekana. Tope likizidi kama asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshe au urudishe.

Skridi nzuri ni kavu kuliko wengi wanavyodhani. Ukiifumbata kiganjani, ishikane na isitoe tone. Ile inayotiririka hufurahisha mkono kwa sababu inalainika bila jasho, lakini maji ya ziada yatatoka siku moja, na mahali yalipokuwa patabaki vitundu na mnyweo, na mnyweo ni nyufa. Skridi kavu inadai kushindiliwa. Katika hili watu wa pwani wametutangulia kwa karne nyingi. Zanzibar, sakafu na dari za chokaa na kokoto za matumbawe zilipigwa kwa vijiti na kundi la watu, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka chokaa ikashikana na kufunga. Ingekuwa vyema wimbo ule ufike huku juu. Skridi iliyotandazwa kwa rula ya alumini na kulainishwa kwa mwiko bila kupigwa ina ngozi nzuri, na chini ya ngozi hiyo imejaa hewa.

Kisha kuna suala la kushikana na slabu. Kwa unene wa milimita 25 hadi 40 skridi lazima ishikwe na slabu kila mahali. Isiposhikwa inahitaji angalau milimita 50 ili isimame kwa uzito wake yenyewe, na watu wachache hulipia milimita 50. Slabu huwa na utando dhaifu juu, yale maji meupe ya simiti yaliyopanda siku ya kumwaga na kugandia hapo. Utando huo sharti ukwaruzwe au uchongwe mpaka kokoto zionekane. Kisha slabu ifagiwe, iloweshwe usiku kucha, asubuhi madimbwi yaondolewe, na uji wa simiti upakwe kwa ufagio mbele ya fundi hatua kwa hatua. Skridi iwekwe uji huo ukiwa bado mbichi. Mafundi wengine hupaka chumba kizima asubuhi kisha hukoroga skridi kwa utulivu. Wanaporudi na karai la kwanza, uji umekauka, na badala ya gundi wamejiwekea tabaka la kutenganisha. Sakafu ya namna hiyo ukiigonga kwa mpini wa nyundo inalia kama debe tupu.

Sasa niru. Katika nyumba nyingi za kupanga na za wenyewe, kutoka Cheptiret hadi Turbo, hii ndiyo sura ya mwisho ya sakafu: simiti tupu isiyo na mchanga, unene wa kama milimita 3, iliyolainishwa kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Naipenda niru kuliko vigae vya bei rahisi, na sioni sababu ya kuiita sakafu ya maskini. Ikifanywa sawasawa huoshwa kwa ndoo moja, haina viungo vya kushika uchafu, na huzidi kuwa nzuri kwa miaka kadiri miguu inavyoisugua.

Siri yake ni saa. Niru huwekwa juu ya skridi iliyoanza kushika lakini haijakomaa, siku hiyohiyo, ili vyote viwili viungane na kunywea pamoja. Fundi mwenye uzoefu hujaribu kwa kidole gumba. Kikiingia, bado. Kikiacha alama hafifu bila kulowa, ni wakati. Kwanza hupita na mwiko wa mbao kufunga mchanga, halafu hupaka uji mzito wa simiti, halafu mwiko wa chuma mara ya kwanza, husubiri, mara ya pili, husubiri tena. Katika baridi ya Agosti kusubiri huko kunaweza kumfikisha usiku, akilainisha pembe ya mwisho kwa mwanga wa balbu. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa, lakini mara nyingi hulipwa kwa ukubwa wa chumba bila saa kuhesabiwa, na asiyelipwa saa zake atatafuta mkato.

Mkato unajulikana. Maji yanapopanda juu ya skridi iliyolowa kupita kiasi, fundi huchota simiti kavu na kuinyunyiza ili iyanywe, kisha hulainisha mara moja na kuondoka. Kwa macho ni niru. Kwa kweli ni ngozi nyembamba yenye simiti nyingi na maji mengi juu ya tabaka dhaifu, na kila moja hunywea kwa kipimo chake. Baada ya muda hutokea nyufa ndogo zilizosukana juu ya uso wote, kisha vipande hubanduka, kwanza mlangoni ambapo miguu hupita, kisha chini ya miguu ya meza. Mwenye nyumba husema simiti ya siku hizi haina nguvu. Mfuko haukuwa na kosa.

Njia nyingine ya kuharibu niru ni kuiweka juu ya skridi ya wiki mbili, kavu, bila kuikwaruza wala kuilowesha. Skridi ile kavu hunyonya maji ya niru kwa dakika chache, na niru hubaki imekauka kabla haijaungana. Inaweza kufanywa ikiwa hakuna budi, ila kwa kukwaruza, kulowesha na kupaka uji kama ilivyoelezwa kwenye slabu, na kwa unene mkubwa zaidi wenye mchanga laini ndani yake.

Wanaotaka rangi huchanganya redoksaidi, unga mwekundu wa oksidi ya chuma, na simiti ya niru. Uchanganywe ungali mkavu mpaka rangi iwe moja, usizidi kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50, na unga wa chumba kizima uchanganywe kwa mkupuo mmoja, maana ukipimwa mara mbili hautatoa wekundu uleule. Sakafu nyekundu iliyopakwa nta kila Jumamosi ni sura ya nyumba nyingi za walimu na makarani nchini Kenya, na bado ina heshima yake. Terazo ni dada yake wa gharama: vipande vya marumaru ndani ya simiti, vikigawanywa kwa mistari ya plastiki au shaba katika miraba isiyozidi kama mita moja ili mnyweo ujue pa kuishia, kisha vikasagwa kwa mashine na maji. Anayeweza kuilipia asisite. Hudumu kuliko mwenye nyumba.

Vigae vimeingia Cheptiret kwa kasi, hasa kwenye bedsita zinazotangazwa kuwa za kisasa, na vimeleta tatizo ambalo niru haikuwa nalo. Skridi hunywea kwa miezi. Kigae hakinywei. Ukikibandika juu ya skridi ya siku tano, skridi itajikunja polepole chini yake, na nguvu yote ya mvutano itakaa kwenye gundi. Siku moja, mara nyingi asubuhi ya jua kali baada ya usiku wa baridi, safu nzima ya vigae huinuka na kupasuka kwa mshindo, na wapangaji hudhani ni tetemeko. Viwango vya Uingereza, ambavyo mafunzo yetu ya uashi yamejengwa juu yake, vinataka skridi ipate angalau wiki tatu kabla ya vigae, na slabu tupu wiki sita. Vinataka pia mwanya mwembamba uachwe kando ya ukuta, usijazwe simiti, ufichwe chini ya sketi ya kigae. Na gundi ienezwe kwa mwiko wa meno chini ya kigae chote. Madonge matano ya simiti, manne pembeni na moja katikati, huacha mapango ambayo siku mguu wa kitanda cha deka utakapokaa juu yake, kigae hakitastahimili.

Mkeka wa plastiki, ule wa kununuliwa kwa mita na kutandazwa ukutani hadi ukutani, ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu ndio kimbilio la mwanafunzi aliyepewa chumba chenye sakafu mbovu. Anautandaza kuficha nyufa na kuzuia baridi. Sakafu mbichi hukauka kwa takriban milimita moja kwa siku, nayo ni pale hali ya hewa ikiwa njema. Skridi ya milimita 50 inadai wiki saba, na slabu iliyo chini yake inadai miezi. Chumba kilichokabidhiwa baada ya wiki mbili bado kinatoa maji. Mkeka unayafungia. Ukiuinua Novemba utakuta chini yake utando mweusi wa ukungu, na mwenye chumba amekuwa akikohoa muhula mzima bila kujua kwa nini.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa seloteipu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache usiku kucha na zaidi, angalau saa 16. Ukikuta matone upande wa ndani, au simiti imekuwa nyeusi zaidi pale kuliko pembeni, sakafu bado inatoa maji. Usitandaze kitu, usipake epoksi, usibandike mbao. Ikiwa nyumba ina miaka mitatu na bado matone yanaonekana, basi yale si maji ya simiti tena. Ni ya ardhini, na nailoni ya chini haipo au imetoboka.

Cheptiret si hosteli peke yake. Nyuma ya ploti hizo kuna wakulima, na kwao sakafu ni ghala. Mahindi yanayohifadhiwa yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Gunia lililokauka vizuri likilazwa juu ya sakafu inayotoa unyevu litalowa upande wa chini, na hapo kuvu hupata makao, pamoja na ile inayotoa sumu ya aflatoksini. Mtu amekausha mahindi yake juani, ameyapima, ameyapepeta, kisha ameyakabidhi kwa sakafu isiyo na nailoni. Ghala linastahili nailoni nzuri kuliko sebule, na hata hivyo magunia yakae juu ya fito.

Zizi la ng'ombe wa maziwa linadai kinyume cha niru. Ng'ombe mzito kwenye sakafu laini huteleza na kuvunjika nyonga. Huko simiti hupigwa ufagio mgumu ingali mbichi ili iache mikwaruzo, na huinamishwa kama sentimita 2 kwa kila mita ili mkojo utiririke. Chumba cha kuoshea mitungi nacho kina adui wake: maziwa yaliyomwagika huchacha, na asidi yake hula simiti kidogo kidogo mpaka mchanga unajitokeza. Dawa ni kusuuza kwa maji mengi siku hiyohiyo, na kutumia simiti nyingi katika tabaka la juu, iliyomwagiliwa mpaka ikakomaa.

Kuna wanaosema haya yote ni anasa, kwamba vizazi viliishi juu ya sakafu ya udongo. Viliishi, na kwa ustadi. Akina mama wa Kinandi na wa Kikeiyo waliosiriba kwa udongo na samadi ya ng'ombe walijua uwiano, walijua kurudia kabla ufa haujapanuka, na waliacha uso usiotoa vumbi kwa siku kadhaa. Lakini udongo huficha funza na mayai ya minyoo, na hilo limepimwa. Jimbo la Coahuila nchini Meksiko lilianza mwaka 2000 kuzipa familia maskini sakafu ya simiti bila malipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukilinganisha familia hizo na wenzao ng'ambo ya mpaka wa jimbo ulikuta vimelea vya tumboni kwa watoto vimepungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Hapa kwetu watafiti wamelipeleka swali hilohilo Kwale na Bungoma, wakiweka sakafu za kuoshwa kwenye nyumba za udongo na kufuatilia afya za wanaolala humo. Afya hiyo inategemea sakafu iwe inaoshika kweli. Sakafu iliyobanduka, yenye mashimo yanayoshika maji machafu, inarudisha nusu ya kile ilichokuja kuondoa.

Wenye sakafu zilizokwisha kuharibika wana njia ya kurekebisha, ingawa si ya kupaka niru mpya juu ya ile inayobanduka, kazi ambayo hufanyika kila likizo na kubanduka kila muhula. Gonga chumba kizima kwa mpini wa nyundo na uweke alama ya chaki pote panapolia. Kata mipaka ya alama hizo kwa msumeno wa diski, wima, ili kiraka kisiwe na ukingo mwembamba. Ng'oa mpaka ufike kwenye simiti inayotoa sauti nzito. Kama inayolia ni zaidi ya nusu ya chumba, ng'oa yote, na jioni ya siku hiyo bandika ile nailoni ya nusu mita juu ya slabu iliyofichuka. Ikiwa kavu asubuhi ya pili, kwaruza, fagia, lowesha, paka uji, weka skridi, weka niru siku hiyohiyo, funika siku 10. Ikiwa imelowa, pulizia slabu lami baridi tabaka mbili, nyunyiza mchanga mkavu juu ya tabaka la mwisho likiwa bado linanata, na skridi itakayofuata iwe milimita 50 kwa kuwa haitashikwa tena na chochote. Ianze kazi hiyo Desemba, wanafunzi wakiwa nyumbani na ardhi ikiwa inakauka, na mkataba wa fundi uandikwe ukiwa na siku za kumwagilia ndani yake, zenye malipo yake na jina la atakayezifanya.